Filamu Iliyokatika Sauti

Jumapili hiyo Sephora alimvalisha mwanawe kofia mbili, moja juu ya nyingine, wakati joto la mwezi wa kumi lilikuwa limeushika mji wa Lubumbashi tangu alfajiri. Alipotambua alichofanya aliivua moja, akabaki ameishika mkononi. Mtoto, Mardochée, wa miezi minane, alimtazama kwa macho makubwa kama anayengoja aelezwe.

"Usiende," mama yake Sephora, Clotilde, alisema kutoka nyuma ya mlango.

Clotilde alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Tangu walipohamia kiwanja hiki cha Annexe, mwezi wa sita, kazi zake zote alizifanya nyuma ya mlango, na maneno yake yote aliyasema kwa mnong'ono, kwa Chiluba, lugha ya kwao Kasai.

"Nisipoenda watauliza, mamu. Abbé alitaja jina langu kwenye misa, mbele ya watu wote."

"Basi mtoto abaki na mimi."

"Na wakija, utaita nani? Wewe bubu?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Clotilde aliokota jiwe dogo katikati ya maharagwe, akalitupa nje kupitia upenyo wa mlango, akaendelea.

Maana kwa majirani Clotilde alikuwa bubu kweli. Kisa kilianzia mtaa mwingine, kwenye soko moja, ambako vijana walipigana na mmoja akachomwa kisu akafa. Ikasemwa aliyemchoma ni mtu wa Kasai. Aliyeona hakuna, aliyesema ni kila mtu. Usiku huohuo mlango wa jirani yao ulichomwa moto, na Ruphin, mume wa Sephora, hakungoja zamu yao. Alikodi kigari, akawahamishia huku pembeni mwa mji ambako hawakujulikana. Ruphin alikuwa mtoto wa Katanga, wa Kamina, baba yake alifanya kazi ya reli hadi uzee. Jina lake lilitosha kumfunika mke. Sephora naye alilelewa na mjomba wake hapahapa Lubumbashi, na ulimi wake ulikuwa wa mji, hakuna sikio ambalo lingemshika.

Shida ilikuwa Clotilde. Yeye alizaliwa Likasi, baba yake akiwa mchimba madini, na alikuwa na miaka kumi tu watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga. Alikulia Mbujimayi. Kiswahili chake kilibaki cha mtoto wa miaka kumi. Kingine chote Chiluba kilikuwa kimekimeza. Alipokuja kumwogesha mjukuu, ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Katanga tangu wakati ule, na hakukaa miezi miwili maneno ya zamani ya kuwafukuza watu wa Kasai yakaanza tena. Akifungua kinywa tu, hata salamu, kila mtu angejua.

Ndipo wakamfanya shangazi wa Ruphin, mgonjwa wa koo.

Nao vijana wa huku walikuwa wameanza. Mkubwa wao aliitwa Jean-Claude, mtoto wa jirani wa ukuta kwa ukuta. Hakuwa mkorofi, na hilo ndilo lililotisha. Alikuja getini na wenzake wanne, amevaa shati safi, akapiga hodi kama mtu anayeleta mwaliko wa harusi, akamwita Sephora yaya, dada mkubwa.

"Yambo, yaya. Tuko tunayuana tu na bajirani. Kwenu njo wapi?"

"Kamina. Kwa ba bwana yangu."

"Na ule mama mwenye kuwa kule nyuma?"

"Tante yake. Alipataka ugonjwa ya koo, haseme tena."

"Pole sana," Jean-Claude alisema, akamtazama Clotilde muda mrefu, wala hakutabasamu. "Tutarudia kumusalimia."

Jioni hiyo mama yake Jean-Claude, Mama Jeanne, mwanamke mpana wa sauti kubwa aliyeuza makaa, aliingia na bakuli la kongobololo, majani yale machungu ambayo watu wa huku hutibia kila kitu. Akamnywesha Clotilde mwenyewe, akamshika kidevu kama mtoto. Tangu hapo hakukosa siku. Tena aliwaomba watu wa shirika, jumuiya yao ya sala, wafanye novena kwa ajili ya koo la mama huyo wa Kamina. Wakaifanya siku tisa, wakaimba, wakamwekea Clotilde mikono kichwani, na yeye akatazama chini huku machozi yakimtoka, wakadhani ni imani.

Sasa Ruphin alikuwa amekwenda Sakania kufuata bidhaa, na simu yake haikupatikana. Na Mama Jeanne alikuwa amekwisha kusimama getini.

"Sephora! Uniletee muchumba yangu, tuende kutazama sinema!"

Mchumba wake alikuwa Mardochée.

*

Ukumbi wa parokia ulikuwa umetiwa giza mchana. Kwenye kila dirisha wamama walikuwa wametundika vikwembe vyao, na jua la saa nane likipita katikati ya maua ya vitambaa lilipaka watu rangi nyekundu na kijani. Mbele palitandikwa shuka jeupe. Padri Alphonse, yule Abbé, alikuwa ametega mashine kwenye meza, na nje, juu ya nguzo ya simenti ya taa, alikuwa amefunga spika ya pembe ili hata waliobaki nyumbani wavutike waje.

Filamu ilisema Kifaransa. Kazi ya Sephora ilikuwa kusimama kando ya shuka na mikrofoni, akiigeuza yote kwa Kiswahili. Ni kazi ambayo huku watu wanaijua vizuri, kwa kuwa mhubiri hageuki kushoto bila mkalimani wake kugeuka naye. Mkalimani hasemi "amesema hivi". Anasema "mimi". Mhubiri akilia, naye alie. Sephora alikuwa amemaliza shule kwa masomo ya jioni, mimba ikiwa tumboni, akienda na taa ya simu na kurudi nayo, na Kifaransa alikipenda kama mtu anavyopenda nguo aliyojinunulia. Siku nyingine angeifurahia kazi hii. Siku hizo za nyuma aliota kuwa mwalimu.

Leo alihesabu milango. Mmoja nyuma, mmoja ubavuni karibu naye. Mama Jeanne alikaa benchi ya mbele kabisa, Mardochée mapajani. Jean-Claude na wenzake walisimama mlango wa nyuma, wameegemea, mikono imefumbatwa, na walipokuwa pale hapakuwa na njia ya kutoka upande huo.

Filamu ilianza na milima. Makabila mawili yaliishi pande mbili za bonde, yakigombania chemchemi moja. Wakaja mmisionari na mkewe, yeye mwalimu, mke muuguzi.

"Ule muzungu iko na miguu ya ndege," mtoto mmoja alisema, na ukumbi ukacheka.

"Anyamaze ule mutoto!"

"Lakini ni kweli, iko nayo."

Chifu wa milimani alipotokea amevaa ngozi, mzee mmoja aliita, "Sephora, umupe sauti ya mwanaume! Ule haiko chifu ya biskuti!" Sephora akateremsha sauti hadi tumboni, akanguruma, "Mimi, maji hii ni ya baba yangu!" Watu wakapiga makofi. Hata mlangoni kijana mmoja alicheka. Kwa kitambo Sephora alijisahau. Alikuwa chifu, alikuwa mzungu, alikuwa mwanamke aliyezaa kando ya chemchemi. Alimwona Mardochée akisinzia mdomo wazi, na moyo wake ukashuka ngazi moja.

Kisha wapiganaji wa upande wa pili waliingia kijijini na mienge, na palepale waya wa mashine ukatoa moshi. Sauti ya filamu ikakatika. Picha ikaendelea: nyumba zinawaka, watu wanafungua vinywa, hakuna kinachosikika.

Ukumbi ukanung'unika. Padri Alphonse akachezacheza na waya, akaungua kidole, akauacha.

"Endelea tu, Sephora," alinong'ona. "Mikrofoni yako iko muzima. Si uliitazama na mimi juzi? Sema bile unakumbuka."

Sephora alikumbuka. Aliyajua maneno. Lakini alipogeuka aliona kwenye shuka wanawake wakikimbia na mikeka kichwani, na mtoto wa kiume anavutwa mkono, miguu yake haigusi chini, na nyuma yao wanaume wanacheka. Alishika mikrofoni kwa mikono miwili.

"Batu banakimbia," alisema. "Banatuita bilulu, badudu. Banasema, bilulu batoke, barudie kwabo. Mama yangu anabeba sufuria. Hakuna kintu ingine alibeba, sufuria tu, na ndani iko maharagwe yenye haiyaiva."

Kwenye shuka wakimbizi walifika kanisani, wakajikunyata ukutani.

"Tunakaa hapa. Tunalala chini. Mvua inatunyeshea. Tunangojea treni."

"Treni gani?" mtoto yule aliuliza, na wengine wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Sephora hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye picha lakini kinywa kilikuwa mahali pengine, kwenye hadithi aliyonong'onezwa na mama yake gizani tangu walipohamia hapa. "Treni haifike. Mutoto mudogo anasema, mamu, maji. Anasema, mamu, mamu. Hatuna maji ya muzuri, tuko na maji ya ku mufereji. Anakunywa. Asubui haamuke. Tunamuzika pembeni ya reli, na kijiko ya kupikia njo tunachimba nayo, na pale hatuweke hata musalaba, juu banaweza kuona ni kaburi ya mutu wa Kasai, bamutoshe inje."

Hapo alijisikia. Sauti yake ilimrudia kutoka kwenye ile pembe ya nje, imechelewa kidogo, ikipita juu ya mabati ya mtaa mzima: wa Kasai, bamutoshe.

Kwenye shuka picha ziliendelea kukimbia, hakuna aliyezitazama. Watu walikuwa wamemgeukia yeye. Mahali pa treni hapakuwa kwenye milima ya filamu, na hakuna mtu mzima katika ukumbi ule ambaye hakujua treni ile ilikuwa ya wapi.

"Yaya," Jean-Claude alisema kutoka mlangoni, kwa upole wake uleule. "Ile treni ilikuwa inaenda wapi?"

Sephora alitazama benchi ya mbele.

"Nauliza tu."

Uoga wa mama si uoga wa mtu mmoja. Kama angekuwa peke yake angepita mlango wa ubavuni akakimbia; miguu ilikuwa tayari. Lakini nusu yake nyingine ilikuwa imelala kwenye mapaja ya mama yake yule kijana, umbali wa hatua chache, na hakuweza kuifikia bila kupita mbele ya wote.

Padri Alphonse alimgusa kiwiko. Filamu ilikuwa imesonga. Mmisionari alikwisha kuuawa kwa mshale, na sasa mjane wake alisimama mbele ya muuaji, kichwani ana kilemba cheusi, anaongea bila sauti. "Ni pale," padri alinong'ona karibu mno na mikrofoni, kama mtu anayevuta mlango wa nyumba inayoungua. "Pale pa kusamehe. Sema, Sephora, batu batulie."

Aliyajua na hayo. Maneno mawili tu. Lakini ilibidi aseme "mimi", na aliona hawezi. Akitoa neno lile kwa hofu lingekuwa limeoza kabla halijafika kwa mtu. Akainua mikrofoni.

"Mama Jeanne," alisema, na sauti ikazunguka mtaa mzima. "Naomba uniletee mutoto yangu."

Mama Jeanne hakuinuka. Alimtazama Sephora kana kwamba anamtafuta mtu aliyekuwa hapo dakika moja kabla. Mkono wake mpana, wenye weusi wa makaa kwenye mikunjo, ulikuwa juu ya kifua cha Mardochée. Ulikaa palepale.

Ndipo mlango wa ubavuni ukapigwa kwa bega, ukafunguka, na mwanga wa jua ukafuta picha yote.

"Sephora! Mwananyi!"

Clotilde alikuwa amekimbia peku. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeanguka njiani, maganda ya maharagwe bado yameshikamana na nguo. Alikuwa amesikia kupitia ile spika mtoto wake akisimulia kifo cha mdogo wake yeye Clotilde kwa sauti ya mtu anayezama, kisha akasikia anaomba mwanawe, akajua wamemshika. Alimshika Sephora mashavu kwa mikono miwili, akamwuliza kwa Chiluba, kwa sauti kamili, kama wamempiga.

Halafu, kutoka katikati ya ukumbi, bibi mmoja wa shirika akainua mikono yote miwili.

"Anasema!" alilia. "Bubu anasema! Novena yetu!"

"Aleluya!"

"Muujiza! Bwana alimufungula koo!"

Wakaanza kupiga makofi. Mmoja akaanzisha wimbo, na wimbo ukashika kama moto kwenye nyasi. Wanawake walisimama kwenye mabenchi. Si wote; wengine waliketi wakitazamana, maana walikuwa na masikio na walijua lugha waliyoisikia ni ipi. Lakini wimbo ulikuwa na nguvu kuliko masikio. Padri Alphonse alifunga macho. Midomo yake ilitikisika, akimshukuru Mungu au akimwomba radhi, Sephora hakujua.

Naye akaona mlango. Mlango mkubwa, uliojifungua wenyewe. Mama afunge kinywa sasa hivi na atazame juu mbinguni, ndivyo tu. Nani atamrushia jiwe mwanamke aliyeponywa na Mungu mchana kweupe? Kesho wangekuwa Luano kwa rafiki wa Ruphin, keshokutwa mbali zaidi. "Mamu," alinong'ona, "nyamaza. Piga magoti."

Clotilde alielewa. Goti moja lilikwisha kukunjika. Lakini Mama Jeanne alikuwa ameinuka sasa, mtoto begani, na uso wake mpana wote ulikuwa umelowa.

"Niliwaambia," alikuwa akisema kwa huyu na yule. "Niliwaambia kama iko anapona. Ile kongobololo, na sala. Mama, sema tena. Sema kiloko, hata neno moja tu, nisikie sauti yako."

Clotilde alimtazama. Goti likanyooka.

"Apana, Jeanne," alisema kwa Kiswahili chake cha utotoni, polepole, akitafuta kila neno kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga. "Mungu hakufanya kitu. Mimi sikukuwa mugonjwa. Nilikuwa naogopa."

Wimbo ulifia mabenchi ya mbele kwanza, kisha ya nyuma.

"Kuogopa nani?" Mama Jeanne aliuliza.

"Weye. Na mutoto yako."

Sephora alisikia mashine ya filamu ikinguruma bure. Alitazama mkono ule mweusi wa makaa ukipanda mgongoni mwa Mardochée, ukifika shingoni, ukikaa.

"Mama," Jean-Claude alisema. Alikuwa ameanza kuja, wenzake nyuma yake, mabenchi yakiwafungulia njia. "Umusikie? Banatucheka. Myezi yote hii uko unapika dawa, bako banatucheka. Uweke ule mutoto chini, utoke."

Mama Jeanne alimwangalia mtoto. Mtoto alikuwa ameamka, ameshika kidole kimoja cha mkono ule wa makaa. Aibu ilikuwa imempanda mwanamke yule hadi masikioni. Mtaa mzima ulimwona akilia machozi ya muujiza usiokuwapo. Akafungua kikwembe kilichokuwa kiunoni mwake. Akainama mbele, akamtupia Mardochée mgongoni kwa ule mrusho mmoja ambao mama aliyelea watoto wengi hausahau, akamzungushia kitambaa, akakaza fundo kifuani.

"Sasa," alimwambia mwanawe. "Si ulisema aende chini? Kuja umutoshe."

"Mama, miye siko nacheza."

"Na miye niko nacheza? Miye nilikubeba hapahapa, mu kikwembe kama hii. Kuja. Weka mukono ku mugongo ya mamako mbele ya batu. Nikuone."

Kijana mmoja nyuma alicheka kwa woga. Jean-Claude hakucheka. Alisimama, mikono ikining'inia, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na miaka yake ishirini tu.

"Clotilde," Mama Jeanne alisema bila kugeuka. "Njo jina yako, Clotilde? Ao na ile ni bongo ya kutudanganya?"

"Ni yangu."

"Basi tembea mbele. Na weye, Sephora. Miye niko nyuma."

*

Njia ile kutoka parokia hadi nyumbani si ndefu, lakini Sephora hakuwahi kuitembea ndefu hivyo. Watu walitoka getini mwao. Spika ilikuwa imewaambia yote. Wengine walitazama, wengine walivuta watoto ndani. Vijana walifuata nyuma, kimya, na kimya chao kilikuwa na miguu mingi kuliko mwanzo. Kila kona iliwaongezea. Jiwe moja lilianguka kwenye vumbi mbele ya Clotilde. Halikumgonga. Clotilde alilipita bila kulitazama, kama mtu anayelijua jiwe hilo tangu zamani.

"Nani alitupa?" Mama Jeanne aliuliza bila kusimama. "Kama ni mutoto wa Chancelvie, mwambie mamako bado hakunirudishia mufuko wangu."

Hakuna jiwe la pili.

Sephora alikuwa akitembea kinyumenyume nusu, ili asimpoteze mwanawe machoni. Mardochée alikuwa amelaza shavu kwenye mgongo wa mwanamke yule, anapiga miguu, anafurahia safari.

Walipoingia, Clotilde alishusha komeo la geti. Mama Jeanne hakumfungua mtoto. Aliketi kwenye kigoda cha nyuma ya mlango, pumzi ikimtoka kwa nguvu, akabaki hivyo, ameinama mbele kidogo ili asimbane.

"Ile dawa yote," alisema. "Ulikunywa?"

Clotilde alimtazama binti yake, kisha chini. "Mbele yako, ndiyo. Ukienda, ile ilibakia nilimwanga ku choo. Iko bololo sana."

"Ku choo."

"Unisamehee."

"Ya kuniogopa, nasamehe. Miye pia nikijitazama mu kioo naogopa." Aliinua kidole. "Ya ku choo, utanipa siku kiloko."

Sephora akasikia sauti ya ajabu, akageuka. Ilikuwa mama yake anacheka, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Na Mama Jeanne naye, tumbo likimtikisika, na mtoto mgongoni akitikisika pamoja naye. Kisha wakanyamaza kwa pamoja, kwa sababu nyayo zilikuwa zimefika getini.

"Mama." Ilikuwa sauti ya Jean-Claude. "Toka, tuende ku nyumba."

"Nakalia hapa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka bwana ya Sephora atoke ku Sakania. Hata ni siku ngapi. Weye na barafiki yako, mukichoma hii nyumba, muyue muko munachoma nani."

Nje pakawa na manung'uniko. Mtu mmoja alisema jambo kwa sauti ya chini, mwingine akasema, "Lakini mamako iko mule." Nyayo zikaburuzika. Baadhi zikaondoka, Sephora alizisikia zikipungua upande wa barabara, ila si zote. Chini ya geti, kwenye upenyo, alibaki anaona miguu ya mtu mmoja katika viatu vya Jumapili. Kama alikuwa akiwalinda au akiwavizia, miguu haikusema.

Jua lilikuwa linashuka. Clotilde alikwenda jikoni, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa, akapika bukari, ugali wa huku, akapasha maharagwe. Mama Jeanne hatimaye alifungua fundo na kumpa Sephora mwanawe, moto, amelowa jasho la watu wawili, na Sephora alimbana kifuani hadi mtoto akalalamika. Akamnyonyesha. Wakati wote huo aliangalia ile miguu.

"Ile neno ya kusamehe, ya mu filme," Clotilde alisema akiwa amechuchumaa kando ya sufuria, akiwaambia wote au nafsi yake. "Ile Abbé alitaka mutoto yangu aseme. Mimi siiweze leo. Kwa bale ba Likasi, siiweze. Sijue kama nitaiweza."

"Hakuna mutu alikuomba," Mama Jeanne alisema.

Clotilde aliinuka. Akanawa mikono, akaikausha kwenye nguo. Akatembea hadi katikati ya kiwanja, mahali ambapo kwa miezi yote hakuwahi kusimama mchana, akasimama mbele ya geti. Akasema kwa sauti ambayo jirani wa tatu angeisikia, na kila neno lake lilikuwa na Kasai ndani:

"Jean-Claude. Ulikula?"

Viatu vilisogea. Havikuondoka. Mama Jeanne alifumba macho.

"Bado," kijana alijibu.

Clotilde akaweka mkono kwenye komeo, hakulinyanyua bado. Akageuka kumtazama binti yake aliyekuwa na mtoto kifuani, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya binti, na mtoto alikuwa wa binti, na hofu ile sasa ilikuwa ya binti kuliko yake.

"Nifungule?"

Sephora alimtazama mwanawe. Alikuwa amelala, titi limemtoka mdomoni, tone la maziwa kwenye kidevu. Angemfunika kofia zote za dunia na bado geti lingekuwa geti tu. Akalifuta lile tone kwa kidole.

"Fungula, mamu," alisema.